Jinsi ya kulisoma bomba la kopa kabla halijatoboka

Chini ya benchi langu pale Mwanga, Kigoma, nina kopo la rangi la lita nne. Rangi iliisha zamani. Siku hizi limejaa vipande vya mabomba ya shaba, haya ambayo sisi mafundi tunayaita kopa, nilivyovikata kwenye nyumba za watu tangu nianze kazi. Kila kipande nimekipasua kwa urefu kama muwa, nikakifunga uzi wenye karatasi: mtaa, mwaka, maji ya wapi, moto au baridi. Vitatu vya chini kabisa si vyangu. Ni vya marehemu baba, aliyekuwa fundi bomba wa reli Tabora, na ndiye aliyeniambia kwamba bomba halisomwi kwa nje.

Mteja akiniuliza, "Mama fundi, kopa inakaa miaka mingapi?" huwa namwaga lile kopo mezani. Kuna kipande cha nyumba ya zamani ya Tabora ambacho baba alikadiria kilikaa ukutani zaidi ya miaka arobaini. Ukipitisha kidole ndani ni laini, kahawia, hakina hata kovu. Kuna kingine cha nyumba ya wageni kilichokaa miaka mitatu na ushee, na ukikiinua juani kinapitisha mwanga matundu manne. Shaba ni ile ile na unene ni ule ule. Kilichotofautiana ni maji yaliyopita humo na mkono wa aliyeunga. Kwa hiyo jibu la miaka sina. Nina jibu la namna ya kuangalia.

Una kopa kweli?

Wengi mnaosoma hapa nyumba zenu zina PPR (bomba la plastiki) au galvanaizi (chuma kilichopakwa zinki), na kopa mnayo kipande tu: yale mabomba mawili yanayoingia kwenye hita ya bafuni, au vijibomba vilivyo ndani ya paneli ya sola ya maji moto juu ya bati. Kopa ya nyumba nzima utaikuta kwenye hoteli na nyumba za wageni za zamani, na kwenye baadhi ya majengo ya taasisi.

Kama bomba limepakwa rangi, leta sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma, mambo yake ni mengine. Isiponasa, kwangua kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Ikitokea rangi ya senti tano za zamani, ni kopa. Ikiwa manjano, ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Usikwangue kwa hasira. Bomba la milimita 15 la vipimo vya Kiingereza lina ukuta wa milimita 0.7, na kadi yako ya benki ina unene unaokaribia huo. Hicho ndicho kinachotenganisha maji na dari yako.

Utando, si kutu

Kutu ya chuma mnaijua. Inavimba, inamenyeka, inadondoka, na chuma kilichobaki chini kinaanza kuliwa upya. Kopa haina tabia hiyo. Bomba jipya likipata maji yenye hewa, baada ya muda mfupi linavaa utando mwekundu wa kahawia, mwembamba kuliko karatasi, uliong'ang'ania shaba. Miezi ikisogea, juu ya ule wa kwanza unajengeka mwingine, mweusi au wa kijani, kutegemea hewa na kaboneti zilizomo kwenye maji. Ukishakomaa, utando huo ndio mlinzi wa bomba. Ndiyo maana bomba jipya ndilo linaloachia shaba nyingi kwenye maji kuliko la zamani lililotulia. Watu wengi hudhani kinyume, wananiita niwatolee kopa ya zamani ambayo haina neno.

Basi kopa ya zamani iliyo nzima, iacheni. Kijana mmoja alimshauri mteja wangu wa Katubuka apitishe asidi kwenye mabomba ya hita ili ukoko mweupe utoke. Ukoko ulitoka kweli, na utando ukatoka nao. Nilipoitwa, sinki lilikuwa na michirizi ya buluu kama mtu amemwaga wino, na maji yalikuwa na ladha ya kulamba sarafu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, chukua kipande cha kopa kilichofifia, kisimamishe kwenye glasi yenye maji ya limau hadi nusu, kilaze usiku. Asubuhi nusu iliyozama inang'aa kama imetoka dukani. Bibi zetu walisugua vyombo vya shaba kwa limau na chumvi kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ule mng'ao haukuja bure: utando umeyeyuka, na shaba kidogo imeondoka nao. Maji yenye uchachu mdogo tu hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya bomba, polepole, usiku na mchana, na bomba haliachwi hata siku moja livae nguo yake likatulia.

Maji ya Kigoma na maji ya Tabora

Mimi nimezaliwa Tabora nikaolewa Kigoma, na kazi imenipandisha treni mara nyingi kati ya miji hii miwili. Ingekuwa mabomba yanaongea, yangekwambia ni nchi mbili tofauti.

Kigoma maji ya bomba yanavutwa ziwani, na maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni upande wa magadi. Maji ya tisa hayaiyeyushi kopa kirahisi. Yana ubaya wake mwingine: yana magnesi na bikaboneti za kutosha, kwa hiyo yakichemshwa yanaacha ukoko mweupe. Angalia ndani ya birika lako. Ukoko ule ule unakaa kwenye hita na kwenye bomba linalotoka humo, njia inakuwa nyembamba, na maji yanayolazimishwa kupita kwenye upenyo yanapita kwa kasi kubwa kuliko alivyokusudia fundi. Kasi nitairudia.

Tabora imekaa juu ya miamba ya granaiti. Visima vifupi vya maeneo kama hayo mara nyingi hutoa maji laini: sabuni inashika povu upesi, birika halifanyi ukoko, mama mwenye nyumba anafurahi. Lakini maji hayo huwa na gesi ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, na gesi hiyo ndiyo inayoyapa uchachu. pH ikishuka chini ya 6.5 au hapo hapo, utando haukomai, na kopa inaliwa kote kwa usawa, kama sabuni ya mche inavyoisha.

Usiulize tu "maji ya wapi", uliza pia "tangu lini". Nyumba moja ya mjini Tabora inaweza kuwa ilianza na kisima cha uani, ikaunganishwa na maji ya bwawa la Igombe, na sasa inapata ya Ziwa Victoria yaliyoletwa kwa bomba kubwa. Maji yakibadilika, utando uliojengwa na maji ya kwanza unaweza kuyumba kabla haujazoea ya pili. Malalamiko ya maji ya rangi yakianza ghafla kwenye nyumba ambayo hakuna aliyegusa bomba, mimi huanzia hapo.

Karatasi za kupimia pH zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na bei yake si ya kukutisha. Pima hapo hapo kisimani, maji yakitoka tu. Ukiyabeba kwenye chupa mpaka nyumbani, gesi inapotea njiani na karatasi itakupa namba nzuri kuliko ukweli.

Dalili za nje, na zipi zisikutishe

Ukijani juu ya kiungo ndio unaowatisha wengi, na mara nyingi ni wa bure. Fundi akiunga kwa risasi ya kulehemu, anapaka flaksi, mafuta ya kusaidia kuunga, ili risasi ishike. Asipoifuta, mabaki yake yanavuta unyevu wa hewani na kuota kijani kwa miaka, bila hata tone kuvuja. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kausha, halafu zungushia karatasi ya chooni kavu ufunge kwa uzi. Kesho asubuhi ishike. Ikiwa kavu, endelea na shughuli zako. Ikiwa imelowa, pale pana tundu jembamba kuliko ncha ya sindano.

Kijani kinachotisha ni kile cha kivimbe kimoja, kigumu, katikati ya bomba ambapo hapana kiungo. Hicho ni tundu lililokwisha kutoboka, maji yakatoka chembe kwa chembe, yakakauka na kuacha chumvi zake. Usikibandue jioni. Nimefanya hivyo mara moja nikiwa mwanagenzi, kwa udadisi tu, na tulilala tunakinga ndoo.

Kisha nenda kwenye sinki na beseni. Doa la buluu au kijani chini ya koki inayodondosha ni shaba iliyosafiri na maji. Kitambaa cheupe cha jikoni kikianza kuvaa ukijani, ni hilo hilo. Asubuhi, kabla mtu hajafungua koki yoyote, kinga maji ya kwanza kwenye bakuli jeupe, uyatazame penye mwanga. Kinga tena baada ya dakika mbili au tatu, uweke mabakuli mawili pamoja. La kwanza likiwa na kibuluu na la pili safi, shaba inatoka kwenye mabomba yako mwenyewe, usiku maji yalipolala. Yote mawili yakiwa na rangi, usinihukumie kopa: huenda ni tangi, au chanzo.

Kata kipande

Haya yote ni ya kubahatisha mpaka ukate. Mteja huogopa, anaona nakuja kumharibia bomba zima. Huwa namwambia daktari naye huchukua damu.

Kabla ya msumeno, fuata bomba uone kama fundi umeme hajalifunga waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Kwenye nyumba za zamani lipo sana. Ukikuta, usikate, mwite fundi umeme kwanza, kwa sababu ukilitenganisha bomba hilo unaweza kuwa umeitoa nyumba nzima kwenye ulinzi wake, na wewe ndiye uliyeshika ncha mbili.

Funga valvu, zima hita, mwaga maji. Kata urefu wa kiganja, sentimita kumi hivi. Mahali pa kukata pana maana kuliko urefu: mara tu baada ya elbo (kiungo cha kona), upande maji yanakoelekea, na kama kuna maji moto anza na ya moto. Weka alama ya kalamu kuonyesha upande wa juu na mshale wa mkondo, maana kipande kikishatoka kila upande unafanana. Kipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma, piga msasa kingo tu, usiguse ndani. Kiache kikauke chenyewe.

Sasa nikuonyeshe viwili kutoka kopo langu.

Cha kwanza kimeandikwa "Tabora, kisima, maji moto, 2011". Ukikitazama haraka unaona kahawia iliyotapakaa vizuri, unasema bomba zima. Kigeuze kwenye mwanga. Kuna vilima vidogo vitatu, kama vipele vya joto, vya kijani kilichochanganyika na weusi. Nilibandua kimoja kwa ncha ya sindano: chini yake pana shimo jembamba lililokwenda moja kwa moja chini, wala halikupanuka. Pembeni ya shimo ukuta una unene wake wote. Ndiyo ubaya wa ugonjwa huu, bomba linakufa likiwa bado nene. Huletwa na maji laini yenye uchachu yakipashwa moto kupita nyuzi 60, na hita ya nyumba ile niliikuta imewekwa 80. Kuna ndugu yake anayekuja kwenye maji baridi ya kisima, hasa maji magumu, na huyo ana historia: huko Uingereza ilibainika kufikia 1950 kwamba mafuta ya kiwandani yaliyoungulia ndani ya bomba wakati wa kulitengeneza huacha utando wa kaboni, na chini ya utando huo ndiko mashimo yanakoanzia. Viwanda vikaanza kuyasafisha mabomba. Ukinunua kopa ya bei ya kutupa isiyo na maandishi yoyote ubavuni, hujui kama hiyo yako ilisafishwa.

Cha pili ni cha Bangwe, "mzunguko wa maji moto, 2016". Hiki hakina vilima wala kijani. Kinang'aa, na huo mng'ao ndani ya bomba la zamani ndio unaopaswa kukushtua. Uso wake una mabonde yaliyopinda, moja nyuma ya jingine, kama kwato za punda anayetembea kukabili mkondo. Maji yalipita kwa kasi mpaka yakaukwangua utando kila ulipojaribu kuota. Mwanzo wa kwato zote ni kwenye ncha ya bomba ndani ya elbo, ambako fundi alikata kwa kikata bomba akaacha ule ukingo uliojikunja kwa ndani. Maji yanagonga pale, yanajipindua, yanachimba mbele yake. Tupa ya mviringo na sekunde kumi zingetosha.

Ilikuwa nyumba ya wageni juu ya kilima, vyumba 14. Mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea pampu kubwa zaidi? Chumba cha mwisho maji moto yanachelewa."

"Nimekuja kukuomba tuitoe hii uliyonayo, mzee."

Alicheka akidhani ni utani. Pampu yake ilizungusha maji moto saa 24 kwenye bomba la kurudi la milimita 15, kwa nyuzi 75. Tulifunga pampu ndogo, tukaweka taima ilale kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri, na hita tukaishusha hadi 60. Chini ya hapo sikushuka, kwa sababu tangi la maji ya uvuguvugu ni malisho ya bakteria wa lejionela. Elbo tisa tulizibadilisha. Chumba cha mwisho maji moto bado yanachelewa kidogo, na mzee amekubali.

Ndoo na saa

Kasi ya maji huhitaji mashine kuijua. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Kama koki moja inayolishwa na bomba la milimita 15 inajaza ndoo kwa dakika moja, maji yanapita humo kwa mita 2.3 hivi kwa sekunde. Kwa maji baridi hapo umefika ukingoni. Mwongozo unaotumika sana ni mita 2.4 kwa baridi na 1.5 kwa moto. Kwa maji moto, basi, ndoo isijae chini ya dakika moja na nusu. Kwa maji ya zaidi ya nyuzi 60 unapaswa kushuka hata chini ya mita moja.

Usiogope lakini kwa sababu ya koki ya bafuni inayofunguliwa dakika tano. Kopa inavumilia hayo. Inayouawa ni ile ambayo maji hayasimami: mizunguko ya hoteli, na nyumba ambazo choo kinavuja kimya kimya mwaka mzima huku pampu ya kuongeza presha inawaka na kuzimika.

Kopa na galvanaizi: kosa langu la Ujiji

Mwaka 2004 nilimfungia mzee mmoja wa Ujiji sola ya maji moto. Paneli ilikuwa ya kopa, tangi la galvanaizi. Niliunganisha vizuri, nikaweka katani kwenye nyuzi, haikuvuja hata jasho. Baada ya miezi 14 tangi lilitoboka chini, matundu mawili. Nililipa tangi jipya kwa pesa yangu, na treni niliyopanda kwenda kumsimulia baba Tabora niliilipa pia.

Baba aliniuliza swali moja: "Maji yanaanzia wapi?"

Yalikuwa yanapita kwenye kopa kwanza, kisha yanaingia kwenye galvanaizi. Chembe za shaba zilizoyeyuka, chache sana, zinasafiri na maji na kutua kwenye zinki. Kila zilipotua, zinki inaanza kuliwa pale pale, kisha chuma kilicho chini yake, mpaka tundu. Kufunga kiungo cha brasi katikati hakusaidii hilo, kwa sababu tatizo haliko kwenye mguso, liko kwenye mwendo. Kiungo cha brasi, au yunioni yenye mpira unaotenganisha, kinasaidia kwa ugonjwa mwingine: pale kopa na galvanaizi zinapogusana moja kwa moja kwenye maji, zinakuwa kama betri, na galvanaizi ndiyo inayoliwa.

Kwa hiyo, galvanaizi itangulie na kopa ifuate, kama maji yanavyokwenda. Kama maji yanazunguka na kurudi, kama kwenye sola ile, hakuna aliyetangulia. Tumia tangi la kopa, la chuma cha pua, au lililopakwa enameli.

Ukiunga mwenyewe

Kukata na kulehemu hakuhitaji kurasa. Ondoa ukingo wa ndani, nimeshasema. Sugua ncha kwa msasa mpaka ing'ae. Flaksi paka kwenye ncha ya bomba peke yake, nyembamba, ukiacha milimita tatu za mwisho. Usipake ndani ya soketi, kwa sababu bomba likiingia linaisukuma yote ndani. Flaksi ile ina chumvi za kloridi. Inayobaki ndani inateremka na kulala chini ya bomba, na ukipasua baada ya miaka michache utaona mstari wa kijani ulionyooka, umekula kama mchwa kwenye boriti. Ukikuta mstari huo kwenye kipande chako, kata mpaka unapoishia. Hakuna dawa ya kuupitisha.

Risasi ya kulehemu nunua isiyo na madini ya risasi. Jina letu linachanganya, najua. Ile ya mafundi redio ni mchanganyiko wa bati na risasi halisi, inayeyuka upesi na inapendwa, lakini risasi inaingia kwenye maji ya kunywa. Marekani waliipiga marufuku kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Nyumba yako ikiwa na viungo vya zamani, chukulia kwamba imo.

Ukimaliza, osha mabomba siku hiyo hiyo kwa maji mengi. Hapa kwetu nyumba hujengwa kwa awamu: bomba linafungwa, linajaribiwa presha, halafu ujenzi unasimama miezi minane kusubiri hela ya vigae. Maji ya majaribio yanabaki yamejaa nusu bomba, na mchanga na flaksi vimelala chini. Mashimo mengine huanzia hapo, kabla mtu hajaoga hata mara moja. Ama toa maji yote yakauke, ama uwe na mtu wa kufungua koki zote kila wiki.

Adui wa nje

Haya nayapitia haraka. Kopa ndani ya saruji ya kawaida haina shida. Ndani ya kifusi chenye majivu ina shida, hasa majivu ya makaa ya mawe, kwa ajili ya salfa na unyevu. Karibu na choo cha shimo au banda la kuku, hewa ya amonia inapasua nati na viungo vya brasi. Ufa unakuwa mwembamba, umenyooka, na fundi anadhani alikaza sana. Bomba linalopita kwenye tundu la bati au tofali bila kuvikwa mpira litalika kwa kusuguana, maana maji moto hulirefusha na kulifupisha kila siku. Sikiliza usiku: likilia tik-tik wakati hita inapoa, nenda kaangalie linasugua wapi.

Maji ya kunywa

Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 2 za shaba kwa lita kama kikomo cha maji ya kunywa. Shaba mwili unaihitaji kidogo, lakini ikizidi inaleta kichefuchefu na tumbo kukata. Kama bakuli lako la asubuhi lina rangi, au kopa yako bado mpya ya miezi michache, acha maji yatiririke mpaka yawe ya baridi kweli kabla ya kukinga ya kunywa. Yale ya kwanza si ya kumwaga: oshea sakafu, mwagilia mchicha. Maji ya chai, ya wali, na zaidi sana ya uji na maziwa ya mtoto mchanga, yatoke koki ya baridi, uyachemshe mwenyewe. Usichote kwenye hita kwa sababu eti yameshapata moto.

Kubadilisha au kuacha

Tundu moja kwenye elbo, kwenye bomba ambalo kipande chake kilichokatwa ni kahawia na laini, badilisha elbo. Mpira wa baiskeli na kibano ni wa usiku wa kuamkia kesho, usiuzoee. Matundu mawili kwenye bomba lililonyooka, mbali na viungo, ndani ya mwaka mmoja, acha kuziba. Vile vipele vikitoboka viwili, vingine kumi viko njiani; toa mkondo huo wote. Na kama ukuta mzima umekonda, upime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: milimita 0.7 ikiwa imebaki 0.4, anza kukusanya pesa.

Ukiweka PPR badala yake kwenye maji ya kisima yenye uchachu, mimi sitabishana nawe. Kwenye maji ya ziwa ningebakiza kopa iliyo nzima.

Kopa inayotoka usiiache uani, maana haitalala. Wanunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo, na bei ya kopa safi iko juu ya ile yenye risasi na brasi, kwa hiyo kata viungo uviweke pembeni kabla hujaipeleka. Nibakizie kipande kimoja tu, sentimita kumi, cha baada ya elbo. Uandike mtaa, na kama ni moto au baridi.